Kisiwa Kisicho na Mwavuli

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Inaelekea wahenga hawakupita mtaa huu. Hapa dalili ya mvua ni Manyunyu kupiga mluzi. Mbingu inaweza kuwa safi kama sahani ya mgeni, lakini ukisikia mluzi unatoka chini ya ngazi za jengo la kinyozi, kaanue nguo zako kwanza, maswali utauliza baadaye.

Manyunyu ni fundi wa miavuli. Jina alilopewa na wazazi lipo, limeandikwa mahali fulani, lakini hata mkewe hulikumbuka akiwa amekasirika tu. Karakana yake ni ule uwazi ulio chini ya ngazi, mahali ambapo majengo mengine huweka mafagio. Ameukalia muda mrefu mno hata shingo yake imepinda kuufuata, na leo akisimama katikati ya uwanja wa mpira utadhani anakwepa ngazi. Ukutani ametundika miavuli iliyokufa, ambayo hutoa viungo kwa iliyo mahututi: ubavu wa huyu, springi ya yule, mpini wa marehemu fulani aliyekuwa na heshima zake. Madaktari wakifanya hivyo hupigiwa makofi. Yeye huletewa mwavuli mwingine.

Na huletewa kweli. Mvua kwetu si hali ya hewa, ni jirani. Inaingia bila hodi, haijui saa ya kuondoka, na ikiondoka husahau kitu ikarudi kukichukua. Kwa hiyo Manyunyu hajawahi kukosa kazi, na hilo lingekuwa jambo jema kama angejua pa kuishia. Hajui. Akiona mwavuli mgonjwa hawezi kuupita, kama vile watu wengine wasivyoweza kuipita baa. Kwenye msiba wa mkwewe alikutwa pembeni na koleo mkononi, amezungukwa na waombolezaji waliokuwa wameshaacha kulia ili wasikilize maelezo. Na siku ya harusi ya binti yake wa pekee, mvua inanyesha kama imetumwa, bibi harusi amefika, bwana harusi amefika, mfungisha ndoa ameitazama saa yake mpaka saa ikaona haya, baba mzazi hayupo. Walimkuta nyuma ya ukumbi, suti mpya, magoti matopeni, anashona mwavuli wa mama wa bwana harusi.

“Nakuja,” alisema, uzi mdomoni. “Huyu mmoja tu.”

Nyuma ya huyo mmoja kulikuwa na foleni.

Mkewe aliitazama ile foleni, akamtazama mumewe, akarudi ukumbini. Ni mwanamke mwenye subira. Lakini watu wenye subira msiwadhanie kwamba wanasamehe, wanaweka akiba.

Huyu mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Maisha yake yote ya kazi ameyapitisha ndani ya mvuke, akikoroga masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, na watoto wengi walidai kwamba ladha ilionyesha kuna aliyeogelea. Akitoka kwenye mvuke wa jikoni anapita kwenye mvua ya njiani, akitoka kwenye mvua ya njiani anaingia kwenye nyumba yenye miavuli ya watu: inachuruzika bafuni, inakauka juu ya viti, inawasubiri wenyewe chini ya kitanda. Ukitaka kusema ukweli, mwanamke huyu hakuwahi kukauka.

Alipostaafu, shule ilimzawadia hotuba na saa ya ukutani. Hotuba ilikwenda vizuri, ikaenda, ikaendelea kwenda. Saa haikwenda kabisa. Jioni ile ile binti akapiga simu kutoka mji anaokaa na mumewe.

“Mama, sasa wewe na Baba mnakwenda kisiwani. Bahari, jua, wiki nzima. Mimi na mkwe wako tumeshakubaliana. Nyinyi chagueni kisiwa tu, mniambie.”

Mama akaweka simu mezani. Manyunyu alikuwa sakafuni, anaupasha mwavuli wa karani wa mahakama joto la taa.

“Baba, kisiwa utachagua wewe.”

“Mimi tena? Mama, starehe si yako?”

“Chagua wewe. Mimi nilichagua mara moja maishani, na unajua nilichopata.”

Manyunyu akacheka. Mkewe hakucheka. Akavuta kiti, akaondoa mwavuli uliokuwa umekikalia, akakaa.

“Nisikilize vizuri. Nataka jua. Nataka kukaa kwenye kiti nisifanye chochote, na wewe ukae kiti cha pili usifanye chochote. Huko tuendako mwavuli sitaki kuuona. Na wewe ukiugusa, hata mmoja, hata wa mtoto, mimi huku sirudi. Napitiliza kwa binti yangu. Chumba kipo, ananiita kila mwaka. Wewe utabaki na wagonjwa wako.”

“Mama, hayo si maneno ya—”

“Hata mmoja.”

Manyunyu hajawahi kuogopa radi, lakini hapo aliogopa. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kusema hatamsalimia mwalimu mkuu mpaka amwombe radhi kuhusu chumvi, na mwalimu mkuu alistaafu bila kusalimiwa. Usiku huo fundi alikunywa chai yake akitazama kikombe cha pili mezani, akajaribu kuifikiria meza ile ikiwa na kikombe kimoja. Ikamshinda, akaenda kulala.

Kesho yake alikwenda ofisi ya safari. Alipokelewa na binti mwenye tabasamu lililopigwa pasi, akatandaziwa vijitabu vya rangi. Kulikuwa na kisiwa kikubwa, kisiwa chenye mnara, na kisiwa kidogo. Kila kimoja kilielezwa kuwa ni paradiso iliyofichika, na zote tatu zilikuwa zimefichwa kwenye rafu moja, karibu na mlango. Picha zenyewe zilikuwa nyayo mchangani, glasi yenye kipande cha chungwa, na mwanamke aliyetupa mgongo.

“Huyu mama mbona yuko visiwa vyote?” Manyunyu akauliza.

“Ni mfano tu, mzee wangu.”

“Na mbona hageuki? Amekosana na nani?”

“Anatazama bahari, mzee wangu.”

“Sawa. Sasa niambie, kipi hakina mvua?”

“Vyote vina jua la uhakika.”

“Binti yangu, jua la uhakika hata hapa lipo. Liko juu ya mawingu. Mimi nakuuliza la chini.”

Binti akarudia tabasamu kuanzia mwanzo. Manyunyu akabeba vijitabu vyake akarudi chini ya ngazi.

Juu ya ngazi hizo hizo kuna kinyozi. Bahari ameiona kwenye kalenda, na kalenda yenyewe ni ya mwaka uliopita, lakini hajawahi kukosa jibu. Anachosubiri ni swali lije likae kwenye kiti.

“Nenda kikubwa,” alisema, hata hajaonyeshwa picha.

“Sababu?”

“Kikubwa ukichoka upande mmoja unahamia mwingine. Kidogo utazunguka mara moja ukutane na mgongo wako mwenyewe.”

“Na wewe ulikwenda lini?”

“Ndugu yangu, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na nani anazikata? Zote zinaangukia hapa.”

“Ndiyo maana mtaa umekwisha akili.”

“Cheka tu. Lakini wewe Manyunyu wewe! Fundi wa miavuli kutafuta mahali pasipo na mvua! Ni kama mimi nihamie kijiji cha vipara.”

“Si utapumzika?”

“Nitapumzika, tena waandike hivyo hivyo juu ya kaburi.” Kinyozi akapunguza sauti, maana yake mtaa wa pili sasa ndio haukusikia. “Shemeji amekubana, eh?”

“Amenibana.”

“Basi angalia usije ukachagua mpaka ukachaguka. Mchagua nazi hupata koroma.”

Manyunyu haamini maneno. Maneno hayana mbavu. Anaamini miavuli, kwa sababu mwavuli hauwezi kukudanganya ulikokuwa. Akaanza kuwauliza wateja, mmoja mmoja, nani amewahi kwenda kisiwa gani, na alikwenda na mwavuli upi. Mwalimu wa muziki aliyewahi kwenda likizo kisiwa kikubwa akaleta wake: ulikuwa na ukungu kwenye kila mshono, kama mkate uliosahauliwa. Huyu hakukauka hata siku moja, akasema Manyunyu, na kisiwa kikubwa kikafa hapo hapo. Muuguzi akaleta mwavuli uliokwenda kwenye mnara: umegeuka ndani nje, mbavu zote zimelala upande mmoja kama majani shambani. Upepo. Mnara nao chini.

Kikabaki kisiwa kidogo. Mwavuli kutoka kisiwa kidogo haukuja. Alingoja, akauliza, akangoja tena, mpaka akapita dereva wa lori la soda ambaye mkewe alikuwa amemburuta huko.

“Mwavuli?” dereva alishangaa. “Mzee, kule hakuna mvua. Hakuna hata harufu yake. Wangu ulikwenda ndani ya begi, ukarudi ndani ya begi.”

“Kaulete.”

Dereva akauleta. Manyunyu akaufungua polepole. Mikunjo ilikuwa ya kiwandani. Mchanga mkavu ukamwagika mapajani mwake, mweupe, mlaini kama unga. Karibu alie. Mwavuli umekwenda kisiwani na kurudi bado bikira!

Wasomi hili huliita utafiti, na kuna watu wamepewa uprofesa kwa ushahidi mwembamba kuliko huu. Hakuna aliyeona kosa. Kinyozi hakuliona, dereva hakuliona, binti wa ofisi ya safari alikuwa anatabasamu. Kosa lenyewe lilikuwa la mji mzima: mtu aliyezaliwa akinyeshewa anajua kwamba pasipo na mvua hapana mwavuli, kama anavyojua kwamba pasipo na moto hapana moshi. Mkewe alipopewa ripoti yote, pamoja na ukungu, upepo na mchanga, alitikisa kichwa taratibu.

“Umefikiria,” alisema.

Hata siku ya harusi yao hakusifiwa hivyo.

Siku ya kufunga mizigo, mama alipekua begi la mumewe kama askari wa forodha aliyenyimwa kitu kidogo. Kwenye kola ya koti alikuta sindano. Kwenye utepe wa kofia alikuta waya. Ndani ya soksi alikuta koleo.

“Hii?”

“Ya kukatia kucha.”

“Za nani? Za mamba?”

Koleo likabaki nyumbani, juu ya ile saa isiyokwenda.

Walivuka kwa feri. Kadiri walivyokwenda ndivyo mawingu yalivyopungua, na mama akavua sweta, baadaye akavua sweta iliyokuwa chini ya sweta. Akakaa kwenye benchi la juu, uso mbinguni, macho amefumba, mikono ameiachia kama shuka lililotandazwa uani. Manyunyu alimtazama njia nzima. Hakumbuki ni lini alimwona mkewe akiwa hana tone la kitu chochote.

Walifika jua limekwisha kuzama, wakala samaki, wakalala. Asubuhi Manyunyu akaamka wa kwanza, akaenda dirishani kwa madaha ya mtu aliyechagua vizuri, akafungua pazia.

Miavuli.

Safu kwa safu. Myekundu, ya manjano, ya mistari, mikubwa kama mapaa ya vibanda, imesimikwa mchangani kuanzia hotelini mpaka jiwe la mwisho. Na chini ya kila mmoja amelala mtu mzima mwenye akili timamu, amejificha lile lile jua alilolifuata kwa meli.

Akafunga pazia.

“Nje kukoje?” mkewe akauliza kutoka kitandani.

“Ukungu.”

“Ukungu? Mbona jua linapita pembeni ya pazia?”

“Ndiyo. Ukungu wa… wenye jua.”

Akamwongoza kifungua kinywa kwa mlango wa nyuma, wakakaa kibarazani panapotazamana na kamba za dobi. Mama akapaka mkate siagi akiwa anatazama mashuka ya wageni yanavyopepea.

“Nimevuka bahari kuja kuangalia vitanda vya watu?”

“Huku kuna utulivu, Mama. Kule mbele wana kelele.”

Na pengine angeshinda mpaka mchana, maana mkewe alikuwa na moyo mweupe asubuhi ile, kama asingekuja mhudumu na birika la chai na uso mkunjufu.

“Nikawawekee viti vyenu ufukweni, wazee wangu? Mnataka chenye mwavuli au kisicho na mwavuli?”

Kisu kikasimama ndani ya siagi.

Mama akainuka, akazunguka jengo. Manyunyu akamfuata nyuma kama mshitakiwa anayefuata faili lake. Walipofika mchangani mama akasimama, akatazama kushoto mpaka mwisho, akatazama kulia mpaka mwisho.

“Umechagua,” alisema.

“Mama, mvua hakuna. Nilihakikisha.”

“Hakuna.”

“Hata tone.”

“Sasa haya yote ni ya nini?”

Kweli hakuna kati yao aliyejua. Aliyewajibu ni mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, aliyekuwa akipita na viti vitatu kwapani. Huyu ndiye aliyekuwa akigawa viti na miavuli pale, na kila mtu, hata meneja, alimwita Bosi wa Viti.

“Ni ya jua, mama.”

“Ya jua? Watu wanakuja mpaka huku kulifuata jua, halafu wanalifunika?”

“Kila siku, mama. Halafu wakirudi ndani wanalalamika vyumba vina giza.”

Mama akageuka kumtazama mumewe. Alikuwa na hasira, tena ya halali, ya muda mrefu, yenye msiba na harusi ndani yake. Ikapanda mpaka kooni, ikakuta kicheko kimeshakalia njia. Shingo ya Manyunyu ilikuwa imepinda kuliko siku zote, anatazama vidole vya miguu yake kama mtoto aliyevunja bakuli.

“Sawa,” akasema. “Kuona nimekwisha kuona, na hilo nakuachia. Kugusa?”

“Sigusi.”

“Leta mikono.”

Akaileta.

“Haya, ikalie.”

Akaikalia. Ndivyo walivyoianza likizo yao: wawili tu kwenye viti vitupu katikati ya jua, mama kwa sababu hakuvuka bahari kuja kukaa chini ya mwavuli, na mzee kwa sababu alikuwa amejikalia.

Na pengine hapo pangekuwa mwisho wa mambo, lakini upande wao wa kulia kulikuwa na mwavuli wa bluu uliokuwa unaumwa. Ulifunguka vizuri, ukasimama vizuri, halafu taratibu, bila mtu kuugusa, ukaanza kujikunja: kriiii. Chini yake alikaa bwana mmoja mwenye tumbo na gazeti. Mwavuli ukamshukia kama kuku anayelalia mayai, mpaka gazeti likapotea, halafu bwana. Bosi wa Viti akaja, akausukuma juu, akaupiga kofi, akaondoka. Kriiii.

Daktari akikaa kwenye basi jirani na mtu anayekohoa, husikia ugonjwa. Manyunyu aliusikia huo mwavuli mwili mzima. Kila ukilia, bega lake linaruka.

“Pini,” akanong’ona.

“Umesema nini?”

“Nasema… bahari. Bahari nzuri.”

“Mm.”

Bwana mwenye tumbo alihama kabla ya chakula cha mchana. Mwavuli wa bluu ukabaki peke yake, nusu umefunga, unalia upepo ukipita. Manyunyu akashinda anatazama maji kwa nguvu zote, kama mlevi anayetazama mbele barabarani ili asione mlango wa baa. Jioni mikono yake ilikuwa na alama za mbao za kiti.

“Unajikaza,” mkewe akamwambia wakirudi ndani.

“Najikaza, Mama.”

Kesho yake jua likatoka na nia mbaya. Mama alivaa kofia. Baadaye akavaa taulo. Baadaye akavaa kofia juu ya taulo, na chini ya vyote viwili uso wake ukawa unawaka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Mabega yalichoma, kichwa kiligonga. Lakini ukimwambia mwanamke wa namna hii ahamie kivulini baada ya yeye kutoa hotuba kuhusu watu wanaohamia kivulini, wewe hujaoa. Alivumilia mpaka aliposikia ubongo unachemka, ndipo akachungulia pembeni. Miavuli yote ilikuwa na watu. Uliobaki ni wa bluu.

“Baba.”

“Naam.”

“Yule ana nini?”

“Nani?”

“Usinifanyie hivyo. Yule anayelia. Ni ubavu au ni nini?”

“Sijui, Mama. Sijamwangalia.”

“Hujamwangalia! Tangu jana unamkodolea macho kama mchumba.”

“Ni pini. Pale kwenye mti wa katikati kuna tundu, inapita pini, inaizuia ile pete isishuke. Wamepoteza pini, wameweka kijiti. Kijiti hakishiki.”

“Kazi yake kubwa?”

“Kama kumenya yai.”

Mama akaingiza mkono chini ya taulo lililo chini ya kofia, akachomoa kibanio cha nywele, cha chuma, cha zamani, kinene, akakinyoosha mbele yake. “Haya. Tengeneza.”

Manyunyu akakitazama. Mtu angedhani ataruka. Hakuinuka.

“Sigusi,” alisema.

“Nakuruhusu.”

“Ulisema hata mmoja.”

“Na sasa nasema tengeneza, kichwa kinaniuma!”

“Hata wa mtoto, ulisema. Mama, nikigusa unapitiliza kwa binti. Mimi nimeshaiona meza ile ina kikombe kimoja. Sigusi, hata ungekuwa unawaka moto.”

“Ninawaka moto!”

“Basi gusa wewe.”

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayetoa njia ya pekee iliyobaki, mikono yote miwili chini ya makalio, shingo imepinda, macho yanamtoka. Mkewe alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile foleni nyuma ya ukumbi alielewa kwamba mtu huyu angeweza kuchagua, na kwamba alikuwa ameshachagua.

Akainuka. Akaenda kwenye ule mwavuli, mikono kiunoni, kama alivyokuwa akizikabili sufuria.

“Nianze wapi?”

“Toa kijiti. Siyo hicho, hicho ni cha juu. Hapo. Vuta. Sasa sukuma pete ipande mpaka uone tundu.”

“Nimeliona.”

“Kibanio kikunje mara mbili, kiwe kinene.”

Mama akakikunja kwa meno. Bosi wa Viti alikuwa amefika, filimbi mdomoni, amesahau kuipuliza.

“Pitisha. Ikigoma usiilazimishe, izungushe kidogo, kama… kama unaonja chumvi.”

Kibanio kikaingia. Tak. Mama akaachia pete. Mwavuli ukatikisika, ukafikiri, ukabaki palepale ulipo, mpana, wa bluu, kimya. Kivuli kikamwangukia mama kichwani kama maji ya baridi.

Alisimama chini yake muda, amefungua mdomo.

“Imekaa,” alisema.

“Imekaa,” Manyunyu akajibu.

“Haulii.”

“Hautalia tena.”

Mama akaugusa ule mti, akausukuma kidogo, akausukuma sana. Ukakataa kushuka. Na hapo uso wake ukafanya jambo ambalo mumewe alilitambua mara moja, kwa sababu ni uso wake mwenyewe, anauona kwenye kioo cha kinyozi kila mwavuli unapopona.

“Kumbe ndiyo hivi,” mama alisema polepole. Halafu, bila kumtazama mtu: “Na ule wa manjano pale, mbona umelalia upande?”

“Huo ni ubavu, Mama. Umetoka kwenye jicho lake. Lakini wewe kaa sasa, umepata kivuli.”

“Unarudishwaje?”

“Mama, si tumekuja kupumzika?”

“Wewe pumzika. Nani kakukataza?”

Akavua taulo, akajifunga kiunoni, akaenda. Bosi wa Viti alimkimbilia mbele kuwahamisha watu. “Piteni pembeni, tafadhali, mpisheni fundi!” Na Manyunyu, mara ya kwanza maishani mwake, alisikia neno hilo likiitwa na asiinuke.

Alihamia kwenye kiti kilicho chini ya mwavuli wa bluu. Mikono bado alikuwa ameikalia, kwa tahadhari. Kutoka pale aliusikia mji mzima wa miavuli ukiponywa, mmoja mmoja, na sauti ya mkewe ikiuliza kwa mbali: “Hii springi inakaa ndani au nje?” Naye anajibu, “Ndani!” Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya siku.

Mama alirudi kunywa maji, jasho linamtiririka. Alikuwa amelowa tena, baada ya yote. Hakuonekana kujali.

“Mama.”

“Sema haraka, kuna mtu ananisubiri.”

“Tukitoka huku… unapitiliza kwa binti?”

Akashusha glasi.

“Uligusa?”

“Sikugusa.”

“Hata mmoja?”

“Hata wa mtoto.”

“Sasa kwa binti nikafanye nini? Kule ghorofa ya nne, mtu ana gari, mwavuli mmoja nyumba nzima, tena mpya.” Akajipangusa paji la uso. “Tutakwenda kumsalimia wote wawili, turudi. Ila nyumbani chini ya kitanda pawe wazi. Vya kazini vikae kazini. Na pale chini ya ngazi utaongeza stuli.”

“Ya nani?”

“Sogea huko, unanizibia upepo.”

Akaondoka. Manyunyu akajilaza chali. Kwanza akatoa mkono mmoja, akautazama, akauweka kifuani. Halafu wa pili. Juu yake kitambaa cha bluu kilikuwa kimetanda bila kasoro, kibanio cha mkewe kinang’aa kwenye tundu. Bahari ilikuwa inafanya mambo yake. Alifumba macho, na kwa kuwa alikuwa ameridhika na hakuwa anajiangalia, midomo ikajikunja yenyewe, akaanza kupiga mluzi.

Hakuna mtu pale ufukweni aliyejua maana ya mluzi huo isipokuwa mmoja.

“Wewe!” mama akapiga kelele kutoka safu ya tatu, ubavu wa mwavuli mkononi. “Nyamaza! Usituletee!”